Wifi, magadi na glasi zenye ukungu

Kufikia mwezi wa pili, glasi zote za nyumbani kwetu zilikuwa na rangi ya maji yaliyooshea mchele. Ukiishika ikiwa kavu inakwaruza vidole kidogo, kama imepakwa chaki. Ukiilowesha inang'aa kama mpya, ikikauka ukungu unarudi. Wifi yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akitutengenezea sabuni ya mashine ya kuoshea vyombo, akasema mashine ndiyo mbovu. Mume wangu akasema mbovu ni sabuni ya dada yake. Mimi nafanya kazi hotelini, jikoni, upande wa kuoshea vyombo, basi kesi ikaletwa kwangu.

Tunakaa San Antonio, Texas, watu saba ndani ya nyumba, wanne kati yetu watoto. Mashine ya vyombo tunaiwasha mara moja kila usiku. Wifi alikuja kukaa nasi mwaka jana akitokea Mbagala, Dar es Salaam, na huko Mbagala alikuwa mtu wa sabuni ya maji, anayejulikana mtaa mzima. Sitaji kazi yake kwa kumpamba. Kosa lililotokea hapa ni kosa la mtu anayejua kazi, na makosa ya namna hiyo ndiyo magumu kuyaona.

Anayeijua biashara ile anajua inavyokwenda. Unanunua salfoniki na slesi, ambazo ndizo za kutoa povu na kukata mafuta, magadi, chumvi, pafyumu na rangi kwenye maduka ya malighafi, unachanganya kwenye pipa la plastiki kwa mwiko mrefu, unaiacha ilale mpaka povu litulie, asubuhi unajaza kwenye chupa za maji zilizokwisha kutumika. Chumvi ndiyo inayoifanya iwe nzito. Ikipungua, sabuni inakimbia kama maji, na ikizidi nayo inakatika. Faida ipo kweli, kwa sababu mama wa Mbagala ananunua vitu vilevile anavyonunua mwenye kiwanda. Kazi ngumu iliyobaki, ya kusugua, anaifanya mteja mwenyewe kwa dodoki na stiliwaya.

Sasa mtu huyo akaingia jikoni kwangu, akaona kopo la vidonge vya mashine, akasoma bei. Kopo la vidonge 62 tulikuwa tunalinunua dola 18 na senti 60. Akapiga hesabu kwenye simu.

"Wifi, kila usiku mnatupa senti 30 humo ndani?"

"Ndiyo bei yake, wifi."

"Hiyo si chini ya shilingi 700. Kwa kuosha sahani! Niachie mimi."

Nikamwachia. Hapo kosa ni langu, maana nilikuwa nimechoka na nilifurahi kuona mtu ana nguvu ya kushughulika na jambo hilo.

Jaribio la kwanza lilidumu dakika kumi na tano. Alimimina sabuni ya kawaida ya kuoshea vyombo kwa mkono kwenye kile kidirisha cha mashine cha kuwekea sabuni, kama vijiko vitatu, akawasha. Povu likaanza kutoka chini ya mlango taratibu, jeupe na laini, likatambaa mpaka miguu ya meza, watoto wakashangilia. Mashine ya vyombo haina haja ya povu hata chembe. Inafanya kazi kwa kurusha maji kwa nguvu kupitia mikono yenye matundu, na pampu ikianza kuvuta povu inavuta hewa, nguvu ya maji inakufa, vyombo havioshwi. Sabuni za mashine hutengenezwa makusudi zisitoe povu. Tulizima, tukamwaga chumvi ya mezani humo ndani kulikata povu, tukaondoa maji, tukarudia kwa maji baridi mara mbili mpaka likaisha. Wifi hakucheka siku hiyo. Kesho yake alikuja na mpango mwingine.

Mchanganyiko wa kopo la bluu

Maelekezo ya sabuni ya mashine ya kujitengenezea yanayozunguka Marekani karibu yote ni yaleyale: kikombe kimoja cha magadi ya kufulia, kikombe kimoja cha boraksi (madini meupe ya unga ya kusafishia), nusu kikombe cha ndimu ya unga, nusu kikombe cha chumvi. Kijiko kimoja cha chakula kwa kila muosho. Wifi alipoyaona alijiona nyumbani. Magadi anayajua tangu utoto. Ndimu ya unga, ileile ya achari na ubuyu, anaijua. Na chumvi, bila shaka, chumvi lazima iwemo. Kwa bahati mbaya mdogo wao aliyeko Ujerumani akampigia simu wiki hiyohiyo akamwambia kwamba yeye pia huweka chumvi kwenye mashine yake. Ushahidi ukawa umekamilika.

Akachanganya kwenye kopo la bluu lenye kifuniko. Wiki ya kwanza vyombo vilitoka safi, nakiri, au karibu na safi. Sahani ziling'aa, harufu hakuna, na wifi akawa anapita jikoni akiimba. Wiki ya pili nikaona sufuria iliyopikiwa ugali inatoka na utando ukutani, mwembamba, unaoteleza ukiupitishia kidole. Wiki ya tatu unga ndani ya kopo ukagandamana, ikabidi uvunjwe kwa mpini wa kisu. Wiki ya nne akaongeza dozi: vijiko viwili badala ya kimoja. Ukungu wa glasi ukazidi. Wiki ya tano akaanza kuweka kikombe cha siki nyeupe kwenye rafu ya juu kila usiku, na glasi zikapata nafuu kidogo. Halafu siku moja sufuria ya alumini, ambayo alitoka nayo Dar ndani ya begi, akaipigania uwanja wa ndege na kaka yake akamcheka, ikatoka mashineni nyeusi tii.

Hiyo ndiyo iliyomuumiza. Glasi alikuwa tayari kuzisingizia mashine. Ile sufuria aliishika kifuani, akaipangusa kwa leso, leso ikaingia rangi ya risasi.

(Jambo jingine, nilitaje liishe: kopo halikuandikwa kitu, na unga wake kwa mbali ni sukari tupu. Mume wangu alishachota kijiko kuelekea kwenye chai kabla sijampigia kelele. Boraksi si kitu cha kula, na Umoja wa Ulaya umeiorodhesha tangu 2010 miongoni mwa kemikali za kuhofiwa sana kwa madhara yake kwenye uzazi. Ukichanganya chochote nyumbani, andika jina juu ya kopo na uliweke mbali na watoto.)

Nilivyopekua

Nilianza na glasi yenyewe, kwa sababu ukungu wa glasi una maana mbili na huwezi kuzitofautisha kwa macho. Nilichukua glasi zote 14, nikazizamisha kwenye siki ya uvuguvugu kwa dakika kumi. Glasi 12 zilitoka safi kabisa. Mbili za zamani, tulizonunua za mitumba, hazikubadilika. Zile mbili kioo chenyewe kimelika kwa miaka ya moto na sabuni kali, hakuna dawa. Zile 12 zilikuwa na chokaa tu. Kwa hiyo swali likawa: chokaa kinatoka wapi, na kwa nini kimezidi sasa?

Kinatoka kwenye bomba. Maji ya San Antonio kwa sehemu kubwa yanatoka chini ya ardhi, kwenye hifadhi ya Edwards, ambayo ni miamba ya chokaa. Ugumu wa maji yake ni greni 15 hadi 20 kwa galoni, yaani takriban miligramu 250 hadi 340 kwa lita, na Wamarekani wenyewe huhesabu maji kuwa magumu sana yakipita 180. Mimi nimekulia Tanga, karibu na mapango ya Amboni, ambako mwamba mzima ni chokaa, na nilipofika hapa nililitambua birika kabla ya kuutambua mji: gamba lilelile jeupe ndani. Mtu wa visima vya pwani anayajua maji haya. Unasugua sabuni ya kipande mpaka mkono unachoka, povu haliji, unapata utando wa kijivu tu juu ya beseni.

Mashine yetu ikivuta lita nne kwa awamu moja ya kuosha, inavuta zaidi ya gramu moja ya chokaa kilichoyeyuka. Ukitia magadi humo, magadi yanafanya kazi yake vizuri kabisa: yanalainisha mafuta, na yanakikamata chokaa. Lakini yanakikamata kwa kukigeuza unga usioyeyuka, na unga huo lazima utue mahali. Unatua kwenye glasi. Wifi alipoona ukungu na kuongeza dozi mara mbili, alikuwa anaongeza kiwanda cha chokaa ndani ya mashine. Angekuwa Dar kwenye beseni, unga huo ungeondoka na dodoki na maji ya kusuuzia. Ndani ya mashine hakuna mkono.

Waliotunga sabuni za mashine walilijua tatizo hili zamani, na dawa yao ilikuwa fosfeti, ambayo hukishika chokaa kikabaki kimeyeyuka ndani ya maji mpaka kinamwagwa. Ila fosfeti ikifika ziwani inalisha mwani. Watu wa Mwanza na Kisumu hawahitaji kuelezwa ziwa likilishwa kupita kiasi linakuwaje, gugu maji wanaliona. Kaunti ya Spokane, jimbo la Washington, ilizuia sabuni zenye fosfeti 2008, na watu wakawa wanavuka mpaka kwenda Idaho kununua sabuni ya zamani, magendo ya sabuni ya sahani, jambo ambalo wifi alilipenda kuliko maelezo yangu mengine yote. Julai 2010 majimbo 16 yakazuia kwa pamoja na viwanda vikabadilisha mapishi nchi nzima. Ulaya ikaweka kikomo chake Januari 2017. Mahali pa fosfeti pakaingia vitu vingi kwa pamoja: vishika-chokaa vya aina nyingine, vimeng'enya vya kukatakata mabaki ya chakula, oksijeni ya unga ya kung'arisha, na viungo vya kuzuia chokaa kisitue. Karibu vyote hivyo havimo kwenye kopo la bluu.

Ndimu ya unga ilikuwemo, na ndimu hukishika chokaa. Hapo mtunzi wa maelekezo alikuwa na wazo. Lakini ndimu ni asidi na magadi ni kinyume chake. Ukiviweka kopo moja katika joto la Texas lenye unyevu, vinaanza kumalizana humohumo koponi kabla havijaona sahani. Ule mgando wa wiki ya tatu, na ile hewa iliyokuwa ikitoka "fsss" kila akifungua kifuniko, ni huo ugomvi. Kinachobaki baada ya ugomvi, yaani sitrati, si bure, bado kinashika chokaa kiasi fulani, ila kwa maji ya greni 15 kijiko kimoja hakitoshi, na ukiongeza kijiko unaongeza na magadi.

Chumvi haikufanya lolote. Huku ndiko ujuzi wa Mbagala ulikomdanganya, na yule mdogo wa Ujerumani akamalizia. Mashine nyingi za Ulaya zina tangi lake la chumvi chini kabisa, lenye kifuniko cha kuzungusha. Chumvi hiyo haigusi vyombo, inakisafisha kifaa cha ndani kinacholainisha maji kabla hayajafika kwenye sahani. Mashine yetu, kama zilivyo nyingi za Marekani, haina tangi hilo. Chumvi ukiimwaga pamoja na sabuni inapita tu, na zaidi ya hapo inakula vijiko na visu vya chuma cha pua, inaviachia vidoa vidogo vya kahawia. Tuliviona.

Sufuria ya ugali ilikuwa suala la wanga. Sabuni ya dukani ina kimeng'enya cha kukatakata wanga na kingine cha kukatakata yai na nyama. Magadi na boraksi haviwezi hiyo kazi. Kwa nyumba ya Waswahili, yenye ugali, wali, chapati na uji wa watoto kila siku, hili ni pengo kubwa kuliko nyumba ya mtu anayekula saladi. Na sufuria ya alumini? Magadi ya moto huila alumini na kuiacha nyeusi. Sabuni za dukani nazo zinaweza kuifanya hivyo, kwa hiyo hapa simlaumu wifi peke yake. Alumini haiingii kwenye mashine, basi. Tuliichemsha sufuria kwa maji na vijiko viwili vya ndimu ya unga, tukaisugua kwa stiliwaya, ikarudi karibu yote, imebaki na kivuli chini ya ukingo.

Kisha nikafungua chujio. Hapa ndipo niliposhikwa na aibu, maana mimi ndiye wa hotelini. Chujio la chini, lile la duara ambalo unalizungusha kushoto na kulivuta, halikuwa limefunguliwa tangu tuhamie. Nilikuta kifupa cha bawa la kuku, kipande cha karatasi ya chupa, mbegu ya embe iliyolainika, na juu ya hayo yote tope la kijivu kama uji uliolala. Utando wa wanga ukutani mwa sufuria ulitoka hapo kwa sehemu fulani: mashine ilikuwa inaoshea vyombo maji ya jana. Nilisafisha kwa mswaki mkuukuu, nikamwita wifi aone. Akaniangalia tu. Alikuwa na haki.

Hesabu

Hii ndiyo sehemu iliyoniketisha mezani na risiti. Kikombe cha magadi kilitugharimu kama senti 77, cha boraksi senti 65, nusu kikombe cha ndimu ya unga dola 1 na senti 94, chumvi senti 36. Jumla dola 3 na senti 72, na mchanganyiko huo unatoa vijiko 48. Karibu senti 8 kwa muosho. Ukilinganisha na senti 30 za kidonge, wifi alikuwa na haki ya kuimba.

Lakini kuanzia wiki ya nne dozi ikawa vijiko viwili: senti 16. Kuanzia wiki ya tano kikaingia kikombe cha siki. Galoni ya siki tunanunua dola 3.50 na ina vikombe kumi na sita hivi, kwa hiyo kikombe ni senti 22. Jumla senti 38. Sabuni ya kubana matumizi ilikuwa imeupita ule ubadhirifu wetu kwa senti nane, bila kuhesabu usiku tulioosha mara mbili, na bila kuhesabu kwamba siki ya kila siku si rafiki wa mipira ya mlango.

Nilimwonyesha wifi karatasi. Akaisoma mara mbili, akauliza swali ambalo mimi na kaka yake, miaka yote tuliyokaa hapa, hatukuwahi kuliuliza.

"Na ile ya unga, ya kwenye boksi, kwa nini hamnunui?"

Boksi la sabuni ya unga ya mashine, kilo 2.1, lilikuwa rafu ileile, chini kabisa, dola 7. Ukitumia gramu 30 kwa muosho, dozi ya ukarimu kwa sababu ya maji yetu, linakupa miosho 70. Senti 10. Ongeza dawa ya kusuuzia, ile ya kimiminika inayoingia kwenye kidirisha cha pembeni, ambayo kwa maji haya ni lazima, kama senti 5. Jumla 15, nusu ya kidonge. Kwa mwaka ni dola 55 hivi zinabaki nyumbani, na ndani ya unga ule vimeng'enya vimo, oksijeni imo, vishika-chokaa vimo. Kidonge kwa kiasi kikubwa ni unga huohuo uliofungwa kwenye mfuko unaoyeyuka. Pesa tulizokuwa tunatupa zilikuwa za mfuko, na za uvivu wa kupima kijiko.

Mtu aliyeko mahali penye maji laini, tuseme Seattle au Portland, anaweza kunijibu kwamba kopo la bluu linamfaa. Sibishi. Huko chokaa ni kidogo, magadi hayana cha kugandisha, na akifuta mabaki ya wanga kabla, senti 8 zake ni senti 8 kweli. Ila bado atakuwa anaokoa senti mbili tatu dhidi ya boksi, kwa kazi ya kuchanganya na kopo lenye boraksi jikoni. Kuna wanaoboresha zaidi, wanatafuta sitrati tayari, oksijeni ya unga, hata vimeng'enya vya kuagiza. Nilijaribu kupiga bei zake kwa rejareja nikaachia njiani. Salfoniki ya Mbagala inauzwa kwa bei ya malighafi. Hivi huku vinauzwa kwa bei ya watu wenye burudani yao.

Sasa hivi utaratibu wetu uko hivi. Kabla ya kuwasha, tunafungua bomba la moto la sinki mpaka maji yawe moto kweli, kwa sababu mashine yetu imeunganishwa na bomba la moto, na isipofanyiwa hivyo inaanza kuosha kwa maji baridi yaliyolala kwenye bomba. Dozi ya unga kwenye kidirisha, na kidogo kinamwagwa juu ya mlango kwa ule muosho wa kwanza mfupi, kitu ambacho kidonge hakiwezi. Sufuria ya ugali inalowekwa kwanza. Alumini, mwiko, kinu na visu vya mpini wa mti vinaoshwa kwa mkono. Chujio kila Jumamosi, na zamu ni yangu. Wifi ndiye aliyeipanga zamu.

Kopo la bluu limeoshwa. Ndani yake sasa kuna ndimu ya unga peke yake, na safari hii limeandikwa. Mara moja kwa mwezi anamwaga vijiko viwili vitatu kwenye mashine tupu na kuiwasha bila vyombo, kuondoa gamba. Inayobaki anatilia achari ya embe, na wiki iliyopita ameuza chupa sita kwa wenzetu wa kanisani, dola tano kila moja.